Daftari la Bwawa la Tatu

Sitii chumvi.
Ninauza chumvi, Nunge hapa, nje kidogo ya Bagamoyo,
lakini ndani ya daftari hili sitii.

Zamani kipimo chetu kilikuwa yai.
Likizama, maji bado ni ya bahari: subiri.
Likielea likatoa upara wa ukubwa wa shilingi,
fungulia bwawa la nne.
Mama aliniachia yai, reki ya mbao, na mgongo huu.
Husemwa aliyeishi sana amekula chumvi nyingi.
Mama aliivuna nyingi, akaila miaka arobaini na tisa.

Miaka ile tulichemsha.
Madebe kumi na mawili, moto usiku kucha,
na kuni zilikuwa pale pale, hatua sita:
mchu, mkandaa, msinzi wenye magoti.
Kuni za bure, nani angehesabu?
Tulichovya, tukachovya. Buyu letu, asali yetu.
Gunia moja lilikula mti na nusu.
Hilo sikuliandika. Daftari halikuwepo.

Kisha bamvua ya mwezi wa nne
ikapita pale palipokuwa na mizizi
kama mgeni apitaye mlango uliong'olewa bawaba,
ikalala juu ya matuta, ikayavunja,
ikachukua mavuno ya miezi mitatu
ikayarudisha ilikoyatoa.
Chumvi ikiyeyuka haipigi kelele.
Tulisimama matopeni, mimi na Kibwana
na Mwanakombo aliyekopa pesa za mifuko,
tukaangalia.

Ndipo kamati.
Banda la mifuko, viti vitano, watu thelathini na wawili.
Mimi mwandishi, kwa sababu ya mwandiko.
Ndipo sheria: jua tu, moto hapana.
Yale maji machungu yanayobaki chumvi ikishazolewa
yasimwagwe kijitoni kwa pupa;
yangoje maji makubwa, yatoke kidogo kidogo,
maana kule chini kuna tondo, kuna kaa,
kuna wenzetu wasio na kadi ya uanachama.
(Kibwana alicheka hapo. Niliandika: kicheko.)

Na sheria ya saba:
bwawa moja lirudishwe kwa mikoko.
Lipi?
Kila mtu akatazama la jirani.

Kura zilihesabiwa mara mbili juu ya gunia.
Bwawa la tatu.
La mama. Langu.
Pale mchu ulikuwa mnene, walisema,
pale mkondo bado unaikumbuka njia.
Nikaandika "imepitishwa",
herufi zimenyooka kuliko siku yoyote,
na nyumbani sikuzungumza na mtu mpaka Alhamisi.

Tuta nililipasua mwenyewe, kwa jembe la chuma.
Reki ya mbao niliilaza kifudifudi, isione.
Kibwana alitaka kusaidia.
Nikamwambia, wewe shika yai.

Mwezi wa kwanza: hakuna.
Mwezi wa tatu: hakuna. Harufu.
Mwezi wa tano: heroe mmoja, akatua, akafikiri, akaondoka.
Mwezi wa nane: tondo wawili, mmoja mtupu.
Mwezi wa tisa sikwenda. Niliumwa, au nilisema naumwa.
Mwezi wa kumi na moja: mche wa mchu, majani manne,
na juu ya majani, unga mweupe.

Nililamba.
Mungu wangu, chumvi!
Kijiti kirefu kama kidole kinakunywa bahari,
kinachuja, kinaianika jasho lake juani,
hakina debe, hakina kuni, hakina deni.
Nikafungua orodha ya wanachama,
nikaandika wa thelathini na tatu.
Ada: amekwisha kulipa.

Mwanakombo bado anadaiwa.
Bwawa la nne mwaka huu limetoa magunia pungufu,
na wapo wanaoninong'onea: pangekuwa na la tatu...
Yote nimeyaandika.

Jana jioni maji yalipojaa
nilikwenda na yai, kwa mazoea tu.
Nikalitia pale penye mche.
Likazama.

Subiri.