Kumbukumbu za Katibu

Nilimpa jina la Katibu kwa sababu hapitwi na neno.
Ukimwaga machicha ya mbege, anaguna.
Ukisema bei ya pumba imepanda tena, anaguna.
Mume wangu akiaga kwamba anakwenda kwa fundi,
anaguna mara mbili.

Julai ile ukungu ulishuka Kidia ukakaa,
ukalala juu ya migomba
kama mgeni unayeona haya kumuuliza anaondoka lini.
Katibu akasusa chakula.
Nikasikia bandani kikohozi kikavu,
mtu anagonga debe tupu kwa kidole,
na pua yake, pua inayolima hata saruji,
imetulia inatiririka.
Mimba ilikuwa ya miezi miwili na nusu.

"Uza nyama kabla hajajifia,"
alisema Ndesario juu ya ua wa masale,
macho yake tayari yana ndimu na pilipili.

Sikuuza. Nilimwita Kundaeli wa mifugo.
Akapanda kutoka mjini na boksi la barafu begani,
akamtia kamba ya mdomo
(kelele zilifika kanisani, mchungaji aliniuliza Jumapili),
akachoma shingo, akazungusha pamba puani,
akaandika namba kwenye kichupa.
Dawa ya kirusi, akasema, sina.
Mpe maji, mpe majani makavu ya kulalia,
uache mwili ufanye kazi.

Usiku nilikaa na taa nikiiwaza hiyo kazi.
Ute wa koo unanasa wa kwanza kuingia.
Vinyweleo visivyoonekana vinafagia kuelekea nje,
kama sisi na uwanja alfajiri ya Jumamosi.
Chembe iliyokwisha kuvamiwa, kabla haijafa,
inagonga ukuta wa jirani:
funga mlango, mimi basi tena.
Homa inapandishwa makusudi.
Kisha waje wale walafi, wameze, wameze,
wabebe kipande cha adui mpaka kwenye tezi
kama kielelezo mbele ya baraza:
mtazameni vizuri, akirudi mumjue.

Siku ya tano akasimama.
Siku ya sita nikamwambia bei ya pumba.
Akaguna.

Kundaeli alirudi baada ya majuma mawili kuchukua damu ya pili.
Ya kwanza haikujua kitu.
Ya pili ilijua yote.
"Kingamwili zimejaa," akasema, na hakuniangalia.
"Ila mafua haya si ya nguruwe. Ni ya watu.
Nani aliumwa hapa nyumbani?"

Nikakumbuka kipaimara cha mtoto wa Aikaruwa,
wanakwaya tulivyobanana benchi moja, sauti ya pili yote inakohoa.
Nikakumbuka siku nne nilizojifuta pua kwa kanga,
nikiinama juu ya kihori kumwambia Katibu
mambo ambayo sijamwambia mtu.
Nilidhani namwachia maneno tu.

Mimi nimeshasahau. Hata dawa niliyokunywa siikumbuki.
Yeye ameandika:
tarehe, mahudhurio, yatokanayo.
Mle ndani ya damu nimo,
kikohozi changu kimechorwa umbo lake,
kinasubiriwa.

Mwisho wa Agosti alizaa kumi na mmoja.
Mtoto wa nguruwe huja duniani mtupu, Kundaeli alinifundisha;
kondo la mama yake halipitishi siri.
Urithi wote umo katika dang'a,
na mlango wake unafungwa kabla ya jua la pili.

Nikakesha.
Kumi walishika titi na kulikalia kama shamba la ukoo.
Wa mwisho, mdogo kama gunzi, alisukumwa,
akarudi, akasukumwa.
Nikamnyanyua, anatetemeka kiganjani,
nikamwekea mdomo penye tone.

Nyonya, nikamwambia. Mama yako ameniandika humu.

Kisha koo likaniwasha,
nikageuza uso ukutani kwanza,
ndipo nikakohoa.