Unene wa Rangi

Milimita tatu.
Ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na tisa huu:
kumwaga rangi ya manjano katikati ya lami,
milimita tatu, haizidi,
na kuwaaminisha watu wa La Pampa kwamba ule ni ukuta.

Abelardo huendesha lori kwa mwendo wa jeneza.
Mimi hukaa nyuma, jicho mdomoni mwa bomba,
chupa ya chai chungu katikati ya magoti.
Barabara imenyooka kilomita mia na ushei,
alizeti huku, alizeti kule,
hakuna kilima, hakuna mti wa kutazamwa.
Wapitaji husifu: raha gani, haina kona!
Kona huamsha.
Iliyonyooka hubembeleza,
huvumisha matairi kwa sauti moja, ile ile,
mpaka kope zikubali.

Ceferino Painé alitoka kuvuna ngano,
saa ishirini juu ya mashine, makapi shingoni.
Alitaka kufika kabla mwanawe hajaamka.
Rosaura Etcheverry alitoka upande wa pili
na sanduku la nyundo ndogo na uma wa chuma:
fundi wa piano, akisubiriwa Santa Rosa,
sikio lake lilijua waya uliolegea kwa unywele mmoja.
Saa kumi na moja alfajiri. Kila mmoja mia na kumi kwa saa.
Baina yao kila sekunde ilimeza mita sitini.
Piga hesabu mwenyewe. Mimi nilipiga,
nikaacha, nikapiga tena usiku.

Usingizi si mwizi, mwizi huogopa.
Usingizi ni mgeni uliyempa ufunguo.
Alilala sekunde nne.
Pale mstari wangu ulikuwa umelika, umebaki kivuli.
Niliandika barua mbili kuomba vituta vya kunguruma,
vile vinavyolipigia kelele gurudumu lililopotea.
Ofisi ilijibu: bajeti ijayo.

Rosaura alikanyaga breki.
Alama zake zipo, mita kumi na moja.
Za Ceferino hazipo.

Daktari wa General Acha alinieleza.
Sikumwuliza vya kutosha, au nilimwuliza kupita kiasi.
Gari husimama kwanza, alisema.
Mwili bado unasafiri.
Mkanda huudaka mwili, mfupa wa kidari hulia,
mwili husimama.
Moyo bado unasafiri.
Umening'inia kwenye mshipa wake mkuu
kama tunda kwenye kikonyo,
na kila kikonyo kina kiasi chake.

Kwa hiyo Rosaura hakuwa na jeraha la kuonyesha.
Mstari wa zambarau tu, begani hadi kiunoni,
upana wa mkanda.
Mstari.

Ceferino ni habari nyingine: pedali ilimsaga kifundo,
dashibodi ilipokea goti,
goti likalisukuma paja, paja likatoka nyongani.
Miezi saba kitandani. Majina ya watu yanamponyoka,
la mwanawe hulikumbuka kwa kulitazama.

Machi tulirudi kupiga rangi upya.
Kwenye majani ya kando Abelardo aliokota ule uma,
akaugonga kwenye bampa, ukaita,
safi, hata chembe haukupinda.
Hatukujua la kufanya na sauti ile. Tukangoja iishe.

Kisha tukamwona anakuja kwa magongo mawili,
mkewe nyuma yake amesimama na gari wazi.
Hakutusalimu. Alitazama bomba, akatazama lami.
"Ongeza," alisema. "Hapa ongeza."

Kanuni inakataza. Rangi nene hupasuka,
na mvua ikinyesha huteleza.
Abelardo aliinama kama anayetafuta kitu chini ya usukani.
Nilipita mara mbili, hatua arobaini.
Milimita sita.

Ceferino aligusa kwa ncha ya gongo, rangi ikamganda.
Lori la ng'ombe lilikuja toka kusini,
likapita kwa upepo, ng'ombe wametoa pua kwenye mbao.
Gurudumu la kushoto lilikuwa
juu ya rangi.