Cha Nani

Saa kumi alfajiri, soko la Kuyluk, Tashkent,
taa za wauza nyama hazijawaka
na mimi nimeshakata karoti kilo ishirini, nyuzinyuzi.
Vidole vyangu vina rangi hiyo mwaka mzima,
hata msibani. Karani wa benki huitazama mikono,
kisha uso, na haulizi.

Chumvi kwanza. Ziache zilie,
alisema bibi, ziache zilie, usizibembeleze.
Kisha siki, na sukari ya kuificha siki,
kitunguu saumu, giligilani ya kutwanga, si sana,
pilipili nyekundu imekaa katikati kama yai kiotani,
halafu mafuta yanayofuka moshi, chwaa!
na safu nzima ya meza inapiga chafya.

Bibi aliitwa Pun-ok.
Serikali ilimwandika Agrafena, karani alikuwa na haraka.
Alikuwa na miaka kumi na mmoja
behewa la ng'ombe lilipowamwaga nyikani, baridi imeshaanza,
mama yake ana mbegu za mpunga ndani ya pindo la sketi
na mtungi mtupu aliokataa kuutupa.
Mtupu, ila ukiinamia ndani
unanuka nyumbani.

Walichimba mashimo wakalala humo.
Siku ya tatu akaja mwanamke wa kijiji cha jirani,
mikate miwili ndani ya joho.
Hakujua neno lao hata moja.
Akavunja mkate, akala kipande kwanza yeye,
waone hauna kitu.

Kabichi ya kwao haikuwepo.
Zilikuwepo karoti, karoti za pilau la wenyeji,
karoti hadi kero.
Mama akazikata nyembamba, akatia chumvi, akaonja, akafumba macho.
Siyo yenyewe, akasema.
Kesho yake akakata nyingine.

Jina lake morkovcha.
Kichwa cha jina ni Kirusi, karoti tu.
Mkia ni wetu: cha, mboga ya kukatwa nyembamba.
Ni jina lililofunga ndoa
kabla wazee hawajakubali kukaa mkeka mmoja.

Basi Jumanne moja akasimama mezani pangu
Bwana Noh wa Seoul, na mkalimani,
na koti jepesi lisiloijua baridi yetu.
Akasoma kibao: Saladi za Kikorea.
Akaonja. Akatafuna polepole. Akasema kitu.
Mkalimani akasita.
Anasema ni tamu. Anauliza ni chakula cha nani.
Chenu, nikasema.
Anasema kwao hakipo.

Miaka thelathini na minne nyuma ya meza hii
nimekuwa Mkorea wa soko zima.
Nilishika kisu, nikakitazama, nikakilaza.

Ni chetu! akadakia Hosiyat, meza ya mikate.
Harusi gani hapa inakikosa?
Mwanangu alipooa zililiwa ndoo tatu!
Mtatari wa samaki naye akasema mama yake
alikipika kabla ya mama yeyote,
na muuza jibini akacheka mpaka akaketi.
Wakagombana. Kila mtu akachota kidogo kuthibitisha.
Sinia likaisha bila senti.

Bwana Noh hakuwasikiliza.
Aliuona mtungi, ule ule, ninamowekea chenji.
Akauinamia. Akaugonga ubavuni kwa kifundo cha kidole,
mara mbili, akatega sikio
kama una ufa.

Bibi aliugonga hivyo hivyo kila asubuhi.
Sijawahi kumwona mtu mwingine.

Nikampimia nusu kilo, nikaongeza ngumi moja juu.
Alipofungua pochi, Hosiyat alikuwa ameshazunguka meza,
mkate mkononi, wa moto,
anauvunja, anatia kipande mdomoni mwake kwanza,
na uliobaki anamsukumia mgeni mfukoni kwa nguvu,
huku akimgombeza kwa Kiuzbeki
kwamba amekonda.

Chenji yake aliisahau.