Nusu Kilo ya Babu

Isevya, nyuma ya soko, Nyanzala anapima asali.
Sahani moja kopo, sahani ya pili
chuma cheusi cha urithi, kimelala ubavu.

Mimi hukusanya vyuma vya vita.
Kabatini mwangu yamo maganda ya Mdachi,
vifungo vya Mbelgiji, vitu vya humuhumu Tabora,
navitambua gizani kwa kidole.
Hiki sikukitambua.

"Babu alirudi nacho Bama," akasema.
"Alikuwa Keya. Alikificha kwenye soksi."

Nikainama, mikono mgongoni.
Mifereji mwilini, kama gamba la kobe.
Si cha Mwingereza; cha Mwingereza kina kitambi,
hiki kimenyooka kama kopo la maziwa.
Herufi tatu, nyayo za kuku kwenye tope.
Na takoni, chini ya masizi, uzi wa parafujo:
hapo Mjapani alifunga mkia,
bomu la mkono likaruka kwa mzinga.

Miaka thelathini nalitafuta
na miaka thelathini nanunua asali hapa.

Mji mzima unajua asali ya Nyanzala huzidi.
Kidogo tu, kijiko kimoja.
Kingekuwa kitupu, ingepungua.

Kumbe hakijatapika.

"Usiinue kopo," nikasema, polepole,
kama mtu aliye ndani ya mzinga wa nyuki.
"Sahani zisicheze. Njoo."

Akatoka akifuta vidole kwenye kanga.
Mlangoni akageuka, amekasirika:

"Na huyu mteja nimpimie nini?"