Sitini Elfu, Mpaka Kidia

Tulitoka Majengo alfajiri, adhana haijakauka hewani,
Kundaeli mbele na Foniksi ya marehemu baba yake,
mimi nyuma na baiskeli ya kuazima,
kiti kimefungwa kwa mpira wa tyubu.
Kwenye mfuko wa shati, ndani ya nailoni,
sitini elfu, za mbilimbili na za tanotano,
kama nilivyoziokota.
Miaka mitatu zimelala kati yetu
kama mbwa kizingitini:
kila mtu anamruka, hakuna anayemtaja.

Kiboriloni walikuwa wanafungua marobota ya mitumba.
Tukapinda kushoto
na lami ikainua kichwa.

Nilijiambia: nitasema kwenye mteremko wa kwanza.
Hapakuwa na mteremko.
Kidia kwa anayekwenda ni kona,
na nyuma ya kona, kona.
Nikafungua mdomo, "Kunda—"
pumzi ikalikata jina katikati.

Pale Tsuduni wanafunzi wakatupigia makofi:
"Wazee, shukeni msukume!"
Kundaeli hakushuka.
Mimi nilishuka.
Nikasukuma nikiutazama mgongo wake,
mguu wa kulia ukikanyaga kwa kusitasita
tangu ile ajali ya trekta, kwenye miwa.
Mfereji ulitupita pembeni ukielekea tulikotoka.
Maji yana bahati, kazi yao ni kushuka.

Mama mmoja akasimamisha panga katikati ya kihamba.
"Mnakwenda msibani?"
"Kanisani."
"Jumanne?"
Akatupa ndizi mbivu mbili, bila neno,
kama wanavyopewa wagonjwa.

Juu, kanisa lilikuwa na kufuli.
Mwenye ufunguo amekwenda kusaga mahindi,
alisema mtoto, naye akaenda zake.
Tukaketi ngazini, kengele juu yetu imenyamaza.
Kibo ilikuwa imejifunika gubigubi.
Saa tatu tumepanda kuufuata mlima
ambao Majengo tunauona bure
kila tukitoka kupiga mswaki.
Chini, mabati ya Moshi yalimetameta,
na mbali kabisa bwawa,
kipande cha kioo mtu amekidondosha.

Hapo ndipo pangenifaa. Pumzi ilikuwa imerudi.
Lakini Kundaeli alikuwa amevua kiatu, anaupapasa mguu.
"Baba alinileta hapa," akasema,
"nimekaa kwenye fremu hii hii. Nina miaka sita.
Hakushuka hata mara moja."

Juu ya maneno kama hayo
mtu hawezi kuweka noti.
Dawa ya deni naijua.
Ilikuwa mfukoni, inalowa.

Tulichokipanda saa tatu
tukakimwaga kwa dakika ishirini.
Migomba ikawa ukuta mmoja, breki zikilia,
harufu ya mpira unaoungua puani.
Kwenye kona ya tatu nikapiga ukelele wangu wote:
"Nina sitini zako!"
Upepo ukaubeba, ukampa mbuzi wa watu.
"Unasemaje?"
"Nimesema kona!"

Kiboriloni tena. Tairi lake la nyuma
likapumua mara moja, likaisha.
Fundi, kijana mwenye mwavuli uliofungwa kwenye toroli,
akaitosa tyubu kwenye karai, akasubiri mapovu,
akaliona tundu, akalibonyeza kwa kidole kama anayemziba mtu mdomo.
"Elfu mbili."

Kundaeli hakuugusa mfuko wake.
Alinitazama, tope kidevuni, meno yote nje.
"Mlipe," akasema. "Toa kwenye zile."

Nikaitoa nailoni.
Noti zilikuwa zimegandana kama maandazi ya jana;
nikazibandua moja moja, mbele za watu,
masikio yakiwaka.

"Zimebaki hamsini na nane," alisema,
ameinama, anakaza nati ya gurudumu.
Kisha, bila kuinua uso:
"Tukinywa soda, hamsini na sita."