Siku Arobaini Bila Risiti

Seva ya kumi na nne ilikufa Jumanne,
saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri,
mjini Oulu, theluji imefika kwenye vitasa vya milango.
Haikuaga. Skrini iliganda katikati ya neno
kama mgonjwa aliyekata kauli.

Marjut Kesti alivua glavu kwa meno,
akaweka kahawa juu ya kabati la nyaya,
akafungua daftari la matukio, akashuka ukurasa kwa ukurasa:
safi.
Siku arobaini, safi,
safi kama sufuria ya nyumba isiyopika.

"Vyuma hufa," alisema Ilpo wa zamu ya pili.
Marjut hakujibu. Alikulia Kemi, ubavuni mwa kinu cha karatasi,
na baba yake, aliyepaka mashine grisi miaka thelathini na mmoja,
alikuwa na msemo mmoja tu, aliourudia hadi ukachosha:
beringi inayolia bado inataka kuishi.
Ogopa iliyonyamaza.

Basi akashuka chini ya daftari,
chini ya kiini cha mfumo,
hadi kwa yule karani asiyeonekana
aliyechomewa ndani ya bodi tangu kiwandani:
programu ndogo, haina dirisha, haina sauti,
huamka kabla ya wote na hailali.
Yeye ndiye hupapasa kumbukumbu gizani
na kujua ni biti ipi imepinduka,
sifuri imekuwa moja bila ruhusa.
Huisahihisha. Kisha huandika barua:
benki ya tatu, safu hii, nguzo hii, si kitu, nimerekebisha.
Huiweka kwenye kisanduku,
kisanduku kimoja tu,
na kugonga kengele.

Mapatano yao ni ya kiungwana.
Kiendeshi kisome, kinakili, kisha kiweke alama: nimepokea.
Bila alama hiyo karani hagusi kisanduku,
maana kuandika juu ya barua isiyosomwa
ni utovu wa adabu.

Aliikuta saa sita na ushei.
Barua ya kwanza, ya siku ya kwanza kabisa,
ilikuwa na kasoro: urefu uliotajwa
haukulingana na urefu wa maneno.
Kiendeshi kilikunja uso. Barua mbovu.
Kikageuka, kikatoka kwa mlango wa nyuma
bila kusema nimepokea.

Na karani akangoja.
Biti ya pili ikaanguka, akaiinua, kalamu mkononi.
Ya kumi. Ya mia tatu na sita.
Kisandukuni barua ni ileile.
Ya elfu nne, akiziba ufa kwa kiganja,
hadi usiku ule biti mbili zilipoanguka pamoja
ndani ya neno moja,
na hapakuwa tena na hesabu ya kuzirudisha.
Za mwizi ni arobaini.
Kumbe hata za mtumishi aliyenyimwa jibu.

Nani alikiandika kiendeshi hiki?
Marjut alipekua historia ya msimbo
na hasira yake yote tayari mdomoni.
M. Kesti. Miaka sita iliyopita, Ijumaa jioni.
Akanywa kahawa iliyokwisha poa,
akainywa yote, na machicha yake.

Marekebisho yalikuwa mistari mitatu.
Hata barua ikiwa mbovu, hata usipoielewa,
hata kama utaitupa:
kwanza sema umeipata.

Alhamisi Ilpo alikuja mbio, soksi zimelowa theluji.
"Umeharibu kitu! Seva ya tisa inapiga kelele,
ya ishirini na mbili nayo,
daftari limejaa hitilafu tangu asubuhi.
Zilikuwa nzima hizi!"

Marjut alikuwa amepiga magoti tayari, bisibisi mkononi,
akivuta droo ya seva ya tisa.
"Zilikuwa kimya," alisema.
"Nipe benki mpya. Hapana, hiyo ndefu."

Juu yao, kwenye skrini, hesabu ikapanda kwa moja,
na chini yake, kwa herufi ndogo,
nimepokea.