Mwendo Sifuri

Kitendawili.
Tega.
Kasimama, hapigi hatua, na anakula.

Mama angejibu upesi: mgeni wa siku ya tatu
asiyepewa jembe.
Mimi, hapa Ghala, ghorofa ya pili, nina jibu jingine:
lori namba thelathini na saba,
lango la kaskazini, bandari ya Sohar,
injini inawaka, mwendo sifuri,
saa mbili na dakika kumi na moja.

Malori mia na arobaini nayachunga kwa macho,
wala sijashika usukani wa hata moja.
Kwangu ni nukta. Kijani anakwenda, manjano kalala,
nyekundu anaunguza dizeli bure.
Kila nusu dakika kisanduku chini ya dashibodi
hupeleka salamu mbinguni, na mbingu hunirudishia
kasi, joto la injini, breki ya ghafla karibu na Saham
(pengine ngamia; kisanduku hakimjui ngamia).

Bwana Mundhir kawaahidi wakubwa sifuri yake:
ifikapo mwaka hamsini, moshi wetu sifuri.
Neno lile lile, Kiarabu cha ofisini, Kiswahili cha nyumbani.
Moja ahadi, moja hasara,
na katikati nimekalishwa mimi na jedwali.

Julai nikatoa orodha ya wekundu.
Wa kwanza: Shambe bin Dadkarim.
Lita mia mbili na sita kwa mwezi, kasimama tu.
Barua ya onyo ilikuwa tayari. Nikampigia kwanza,
sijui kwa nini. Labda nilitaka kusikia nukta ikijitetea.
Mbaluchi mzaliwa wa Mombasa,
Kiswahili chake kimekolea chumvi kuliko changu:

"Binti, umewahi kukaa ndani ya debe
jua likipiga arobaini na saba?
Saa sita na nusu kazi husimama, hashushi mtu mzigo
mpaka saa tisa na nusu. Sheria hiyo, na ni njema,
watu wasifie juani. Lakini nyinyi
mnatufikisha saa sita kasorobo!
Nikizima injini kiyoyozi kinakufa.
Kikifa, nikifuate?"

Nikakata simu. Nikafungua ramani ya mwezi mzima,
siku juu ya siku,
na pale langoni nukta zikarundikana
kama kunde zilizomwagika kizingitini.
Malori thelathini na moja. Saa ile ile.
Si Shambe, basi. Ni ratiba.
Nikashuka chini ya ukurasa kutafuta aliyeipanga:
Februari, baridi tamu, lango wazi mchana kutwa,
na herufi za jina langu.

Onyo nikalifuta.
Safari nikazirudisha saa tisa za usiku, wafike alfajiri.
Nikaomba turubai pale foleni inapokunja, na feni, na maji.
Bwana Mundhir akauliza, turubai linapunguza kaboni?
Nikamwonyesha Agosti: thelathini na saba, lita sitini na moja.
Akanyamaza, akasaini.

Sitini na moja si sifuri.
Lori la umeme limekuja, moja, jeupe, halina sauti;
madereva wanalizunguka kama ng'ombe wa kununua.
Kiyoyozi kikiwashwa, kilomita zake zinayeyuka.
Tutaona.

Shambe hakunishukuru. Alipiga simu kulalamika:
mchana watoto hawamwachi alale,
na mkewe anasema kaolewa na popo.
Nikasema pole. Sikuwa na safu ya kuiandika pole.

Ila kila usiku, kabla ya saa tisa kugonga,
kichochoroni kwake Barka,
thelathini na saba inageuka nyekundu.
Injini inawaka, mwendo sifuri, dakika nne.
Kisha anaondoka.
Mashine inadai nijaze: Sababu?
Dakika nne, nusu kikombe cha dizeli.
Nimepaacha tupu.